Kulungu wa Saa Sita Mchana

Siku ng'ombe walipoondoka, Orrin Sletten hakulia. Alisimama mlangoni mwa zizi, mikono mfukoni, akawatazama wakipanda lori mmoja mmoja, na kila aliyepita alimwita kwa jina lake, sauti chini, kama mchungaji anayewapa mkono waumini baada ya ibada. Lori lilipoteremka bondeni na kupotea nyuma ya miti, akageuka, akachukua ufagio, akafagia zizi zima. Mkewe Luella alimwona kupitia dirisha la jikoni. Akamwacha afagie.

Jambo lenyewe walikuwa wamelijadili msimu mzima wa baridi. Bega la kulia la Orrin lilikuwa limechakaa kwa kunyanyua mashine za kukamulia, na binti yao Karla, muuguzi huko mjini, alikuwa amemwambia bila kuzunguka kwamba bega halina vipuri. Mtoto mwingine wa kuyarithi mazizi hakuwapo. Basi wakabaki na mashamba ya mahindi na ya lusini, majani ya kulishia mifugo, msitu wao juu ya kilima, na mapambazuko yasiyo na kazi.

Na hayo mapambazuko ndiyo aliyoyatamani tangu ujana. Kwao, kwenye vilima vya magharibi ya Wisconsin, vuli ikiingia watu hawaulizani hali. Wanaulizana wameona nini. Kanisani, dukani, kituo cha petroli, neno ni lile lile: kulungu mkia-mweupe, na hasa madume wazee, wale wenye shingo nene na pembe pana, ambao mtu anaweza kuishi nao shamba moja miaka nenda miaka rudi asipate kuona kitu ila nyayo zao. Kila mwindaji alijua kuwa kulungu hutembea alfajiri na magharibi. Na alfajiri na magharibi ndizo saa za kukamua. Ng'ombe wa maziwa hana habari na msimu wa kuwinda; kiwele kikijaa kimejaa.

Kwa hiyo Orrin aliwinda katikati ya mchana, maana saa nyingine hakuwa nayo. Wenzake walipokuwa wakishuka kutoka msituni, vidole vimekufa ganzi, wakitafuta kahawa na mayai, yeye ndiyo kwanza alikuwa akipanda, mkate wake mfukoni. Jua lilipoanza kulegea alikuwa amekwisha kurudi zizini.

Jirani yake, Verlyn Amdahl, hakumpa nafasi ya kupumua kwa mzaha. Verlyn naye alifuga ng'ombe, ila Novemba ikifika aliwaacha walie zizini mpaka yeye atosheke na msitu. Hakuwahi kuoa, na alisema sababu ni hiyo hiyo.

"Mwosha vyombo huyo!" alikuwa akipaza sauti wakipishana njiani. "Wenziwe wamekula wameshiba, yeye ndiyo anakuja kukusanya sahani."

"Sahani zenyewe huwa zimebaki na nyama, jirani," Orrin alikuwa akimjibu.

Hayakuwa maneno matupu. Novemba kadhaa Orrin aliteremka kilimani na dume mkubwa, damu ikiwa bado mbichi, wakati nusu ya bonde ilikuwa mezani ikila. Verlyn aliita bahati ya mtende. La ajabu ni kwamba Orrin mwenyewe aliamini vivyo hivyo. Ikiwa mchana, saa ambayo kila mtu anajua haina kitu, umempa wanyama wale, alijiambia, je, angekuwa na alfajiri na jioni kama wenzake? Alilibeba swali hilo miaka yote aliyopiga magoti chini ya ng'ombe.

Mwaka ule wa kwanza bila ng'ombe, alikusudia kulijibu.

Kulikuwa na dume mmoja aliyemtaka kuliko wote. Luella ndiye aliyemwona kwanza, miaka michache nyuma, akivuka pembeni mwa bustani yake ya kabichi, doa jeupe la kooni pana kuliko la wenzake. "Mwone anavyotembea," alisema, "kama shemasi anayepitisha kikapu cha sadaka." Jina likaganda. Kwa Orrin akawa Shemasi, na kwa Verlyn ng'ambo ya uzio akawa Shemasi, na wote wawili wakamwota.

Agosti Shemasi alijitokeza waziwazi kila jioni kwenye lusini, pamoja na madume wengine wawili wadogo, wote wameshikana kama ndugu, pembe zao zikiwa bado zimevikwa ngozi laini ya kiangazi. Orrin na Luella waliketi barazani wakawatazama, wanapitishiana darubini.

"Msimu ukifunguliwa tu," Orrin alisema, "nampata wiki ya kwanza. Anapita njia ile ile."

"Leo anapita," Luella alisema.

Msimu wa upinde ulipofunguliwa katikati ya Septemba, Orrin alikuwa mtini, juu ya dungu lake, kabla ndege hawajaamka. Alikuwa amenunua upinde wenye kifyatulio kama bunduki, kwa sababu ya bega. Jioni ya siku ile alimwona Shemasi, mbali, nje ya masafa. Kesho yake alirudi. Na kesho kutwa. Lakini kulikuwa na jambo limebadilika katikati: madume walikuwa wamesugua ngozi ya pembe zao kwenye miti, na pembe zilipobaki mfupa mtupu, undugu ukaisha. Kila mmoja alishika njia yake. Shemasi hakuja tena na wenzake kwenye lusini.

Orrin akahamishia dungu msituni. Mialoni ilikuwa imeanza kudondosha mbegu, tap, tap, kwenye majani makavu, na mzee yeyote wa kulungu anapopata mwaloni unaomwaga chakula kando ya malazi yake, ya nini kutembea? Anainuka, anakula, analala. Orrin alilijua hilo. Alijua pia kwamba jioni hewa ya vilima vile hupoa na kuteremka bondeni kama maji, ikibeba kila harufu ya mtu, na kwamba upepo wa kusini unaipeleka harufu ya dungu lake moja kwa moja mahali dume anapolala. Zamani, alipokuwa na saa chache tu, siku ya upepo mbaya alibaki nyumbani bila kujiuliza mara mbili. Sasa alikuwa na saa zote, na kukaa nyumbani hakuweza. Upepo mzuri alikwenda, upepo mbaya alikwenda. Asubuhi alikwenda, jioni alikwenda. Oktoba ikawa ya joto, mbu hawajafa, na kulungu wenye koti la baridi tayari mgongoni hawakutaka kusogea. Alikwenda vilevile.

Mwanzo aliwaona majike na watoto. Baadaye majike wakawa wanasimama mbali, shingo juu, wanalitazama dungu, wanapiga mguu chini na kukoroma. Mwishowe hata hao hawakuja. Msitu ukanyamaza kama nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Siku moja Verlyn alisimamisha trekta kwenye uzio, akazima injini kusudi asikike vizuri.

"Jirani! Asante kwa mgeni uliyeniletea."

"Mgeni gani?"

"Shemasi wako. Amehamia parokia yangu. Nimekuta amekwangua ardhi chini ya miti yangu mitatu, na kaupiga pembe mti mmoja mnene kama paja langu."

"Paja lako si kipimo cha unene, Verlyn."

"Cheka tu. Naona umemfukuza kwa sala nyingi. Hata shemasi huchoka na kanisa likifunguliwa kila siku." Akawasha trekta, akaondoka akipunga mkono.

Orrin alirudi nyumbani, hakumaliza chakula chake. Luella alikuwa ametengeneza lefse, zile chapati laini za viazi za Kinorwe alizojifunza kwa mama mkwe wake, na alikuwa anazipaka siagi. Alimtazama mumewe akigeuza kijiko.

"Leo jioni unakwenda?" aliuliza.

"Nakwenda."

"Upepo?"

"Wa kusini."

Luella akaweka kisu mezani. "Orrin, nikwambie kitu, na usinune. Wewe huwindi. Wewe unakamua."

"Nini?"

"Saa ile ile unaamka. Viatu vile vile. Unatoka asubuhi, unarudi, unakula, unatoka jioni. Hakuna Jumapili, hakuna mvua. Tangu Septemba unakwenda zizini, mume wangu, ila zizi umelihamishia kwenye mti. Na humo hamna ng'ombe."

Orrin aligeukia dirisha. Nje, jani moja la mti wa mshira lilianguka kwenye kibaraza, halafu jingine. Akasema, polepole, "Sijui pengine pa kwenda, Luella. Kukipambazuka sijui pa kuweka mikono."

"Najua," Luella akasema. "Mimi ndiye ninayelala kando yako. Naiona mikono yako inavyojikunja usingizini, kama umeshika kitu." Akamsogezea sahani. "Kula. Mpumzishe kulungu wa watu. Na wewe pumzika."

Jioni ile hakwenda. Wala kesho yake. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kukamua. Alichimba viazi vilivyobaki, akaziba matundu ya paa la zizi tupu, akampeleka Luella mjini kwa Karla wakala huko na kurudi usiku, jambo ambalo kwa miaka yao yote ya ndoa hawakuwahi kulifanya bila kutazama saa. Njiani Luella alilala, kichwa kimeegemea dirisha. Orrin aliendesha taratibu asimwamshe.

Oktoba ilikuwa inaelekea ukingoni aliposikia, asubuhi moja akitoka kuchukua kuni, ng'ombe wa Verlyn wakilia. Mara ya kwanza alicheka: jirani ameanza mapema mwaka huu. Lakini akasimama na kuni mkononi. Kilio cha ng'ombe aliyechelewa kukamuliwa alikijua, na hiki kilikuwa kimepita hapo. Aliziweka kuni chini, akapanda gari.

Alimkuta Verlyn zizini, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo ukutani, uso mweupe kama chokaa. Alikuwa anapumua kwa vipande.

"Usinichekeshe," Verlyn akanong'ona kabla Orrin hajafungua mdomo. "Tafadhali. Lolote ila hilo."

"Nani kakufanya hivi?"

"Yule mtamba mwekundu. Ndiyo uzazi wake wa kwanza, hajazoea mashine. Kanibana kwenye ukuta, halafu akanipa teke la asante." Akafumba macho. "Wakamue, Orrin. Wamelia mno."

"Kwanza wewe."

"Kwanza wao! Mimi sijajaa maziwa."

Orrin alimpigia simu Luella. Luella akaja akampeleka Verlyn hospitali, akiendesha kama amebeba mayai, na Orrin akabaki. Alivua koti, akakunja mikono ya shati. Aliingia katikati ya ng'ombe wawili asiowafahamu, akaweka kiganja kwenye ubavu wenye joto, akasema maneno yale anayoyasema siku zote, ambayo si Kiingereza wala Kinorwe wala chochote. Ng'ombe akatulia. Orrin aliegemeza paji lake la uso kwenye ubavu ule, akakaa hivyo kwa muda. Hakuna aliyemwona.

Mbavu tatu zilikuwa zimevunjika. Daktari alisema Verlyn asinyanyue hata ndoo mpaka theluji iwe imekaa. Haikuhitaji mkutano. Kuanzia siku ile Orrin na Luella walivuka shamba kila alfajiri na kila jioni. Luella alinyanyua mashine kwa ajili ya bega la mumewe, Orrin akaziunganisha, redio ikitoa habari za hali ya hewa juu ya dirisha. Yule mtamba mwekundu alimjaribu Orrin mara moja. Orrin alisogea karibu badala ya kurudi nyuma, akambana yeye kwa bega zima, akamwimbia. Mwisho wa wiki mtamba alikuwa anasimama kama bibi harusi.

Verlyn aliwekwa kwenye kiti chake kikubwa mbele ya dirisha la sebule, mito pande zote, darubini mapajani. Kwa mara ya kwanza tangu utoto wake, mwanzo wa Novemba ulimkuta hayuko juu ya mti.

"Ni adhabu," alimwambia Luella alipomletea supu. "Shemeji, Mungu ananiadhibu kwa kuwaacha ng'ombe walie."

"Mungu ana kazi nyingine," Luella akasema. "Kunywa supu."

Kisha joto likavunjika. Lilivunjika mchana mmoja kwa mvua ya upepo iliyopukutisha majani yote yaliyosalia, na usiku upepo ukageuka kutoka kaskazini-magharibi, na asubuhi dunia ikaamka imekaza. Jalidi ilikuwa nyeupe kwenye mabua ya mahindi, anga halina hata unyoya wa wingu. Orrin alipotoka zizini pumzi yake ilisimama mbele yake kama mtu. Alijua maana yake. Bonde zima lilijua. Magari yalikuwa yameegeshwa kando ya barabara kabla ya alfajiri. Majike walikuwa wameanza kushika joto la kutaka dume, na madume wazee, waliojificha tangu Septemba, walikuwa sasa wanapoteza akili kidogo kidogo. Ni siku chache katika mwaka. Kabla yake dume mzee hatoki mchana. Baada yake amekwisha kumpata jike, amejifungia naye kichakani, haonekani.

Asubuhi ya pili ya baridi ile Orrin aliosha mitungi, akapita sebuleni kumjulia hali mgonjwa kama kawaida. Verlyn hakugeuka.

"Keti," alisema.

"Mikono yangu inanuka."

"Keti, nimekwambia." Verlyn alikohoa kidogo, akashika ubavu, akasubiri maumivu yapite. "Umekuwa ukijiuliza kwa nini jana sikuongea?"

"Nilishukuru tu."

"Jana nilikuwa hapa. Asubuhi nikaona wawindaji wote wa barabara ile wanapanda. Kulungu? Vitoto viwili. Saa nne hivi, wote wanashuka, wanaenda kula. Milango ya magari inagongwa, paa, paa, msitu wote unasikia. Basi. Kimya. Nikawa nimesinzia. Nilipofungua macho jua liko utosini, na yule pale." Akaelekeza kidole, polepole, kwenye shingo ya kilima, pale vilele viwili vinapokutana na kuacha kijia chembamba. "Anavuka. Pua chini, kama mbwa. Hakuwa anakimbia, anatembea, anakagua. Ameshika upande ambao upepo unamletea harufu ya majike wote waliolala ng'ambo, bila yeye kuonekana. Shemasi, mwenyewe. Mchana kweupe."

Orrin alikitazama kile kijia.

"Miaka yote," Verlyn akaendelea, "saa hiyo mimi niko jikoni nageuza mayai, nakucheka wewe. Na wao walikuwa wanapita. Wanangoja tuondoke, Orrin! Wanajua saa zetu kuliko sisi wenyewe." Alikaribia kucheka, akajizuia, machozi yakamlenga kwa maumivu. "Jana nilinyamaza. Nilisema, mbavu zitapona, nitampata mwenyewe. Nimelala na neno hilo usiku kucha, likanikosesha usingizi kuliko mbavu. Mtu ananikamulia ng'ombe, mimi namnyima kulungu! Hata mimi nina mpaka wangu."

"Ni kulungu wako. Yuko kwenye ardhi yako."

"Kulungu hana mwenyewe. Nenda. Kuna mwaloni ulioanguka upande wa mashariki wa kijia, keti nyuma ya mizizi yake, usipande popote. Upepo huu utakupiga usoni. Na uondoke hapa kabla sijabadili nia."

Orrin aliinuka. Mlangoni akageuka. "Verlyn."

"Usinishukuru. Nitacheka, na nikicheka nitakufa."

Alivuka kwenda nyumbani, akabadilisha nguo, akachukua upinde. Luella alimfungia mkate bila kuuliza, akamwekea mfukoni. Alipanda kilima cha Verlyn kwa mzunguko, polepole, akipumzika kila jasho lilipotaka kutoka, hadi alipoufikia ule mwaloni. Mizizi yake ilikuwa imeng'oka na udongo wake, ukuta mzima. Aliketi nyuma yake. Upepo ulikuwa baridi na safi usoni. Chini kabisa alisikia milango ya magari ikifungwa, na injini moja moja zikiondoka kuelekea kwenye kahawa.

Kukawa kimya. Jua lilipanda, likalainisha jalidi, majani yakaacha kulia chini ya miguu ya kindi. Orrin hakuwa na haraka. Alistaajabu kuona kwamba hakuwa nayo. Wiki zote alizokaa juu ya mti akili yake ilikuwa inakimbia huku na huku kama panya kwenye debe. Sasa ilikuwa imekaa. Alijua ng'ombe wamekamuliwa. Alijua jioni watamngoja. Katikati ya mambo hayo mawili kulikuwa na nafasi hii, na nafasi hii ilimtosha.

Jike mmoja alipita kwanza, mkia umeinama upande, anatazama nyuma. Orrin hakusogea. Kisha akasikia hatua. Si za kukimbia, ni hatua za mwenye nyumba. Shemasi alitokea kwenye shingo ya kilima pua ikiwa chini, shingo imevimba kwa msimu, pembe zake rangi ya pembe za ndovu zilizokaa juani. Alikuwa mkubwa kuliko alivyomkumbuka, na pia mzee kuliko alivyomdhania: tumbo limeanza kulegea, mgongo umebonyea kama farasi aliyefanya kazi sana. Alisimama, akanusa alipopita jike. Orrin aliinua upinde wakati kichwa cha mnyama kilipoingia nyuma ya shina. Kikatoka upande wa pili. Kisha bega, na nyuma ya bega, shabaha ya upana wa kiganja kimoja.

Akafyatua.

Dume aliruka, akakimbia akiteremka, mkia chini. Matawi yakavunjika. Kisha hakuna sauti tena.

Orrin aliuweka upinde chini. Alifungua mkate, akaula, kwa sababu ndivyo baba yake alivyomfundisha: ukishampiga, kula kwanza, mwache afe kwa amani yake. Alipomaliza aliinuka, akafuata damu iliyotapakaa kwenye majani. Haikuwa mbali. Shemasi alikuwa amelala kwa ubavu kando ya kijito, macho wazi. Orrin alipiga goti, akaweka kiganja kwenye ubavu ule wenye joto, kama alivyozoea, na maneno yale yasiyo ya lugha yoyote yakamtoka mwenyewe hajakusudia. Akakaa naye kitambo. Ndipo akachomoa kisu.

Alimteremsha kwa trekta ya Verlyn. Verlyn alikuwa amekwisha kujiburuta hadi barazani, blanketi mabegani, jambo alilokatazwa kabisa. Alimtazama mnyama, akainama kwa tabu, akafungua midomo yake na kidole gumba, akatazama meno.

"Yamekwisha," alisema kwa sauti ya chini. "Tazama. Yamesagika hadi kwenye ufizi. Huyu asingeiona masika, Orrin. Theluji ingemmaliza."

"Nami nimeona."

"Basi alikuwa anafanya ziara yake ya mwisho." Akapitisha kiganja kwenye lile doa jeupe la kooni. Halafu akainua macho, na uso wake wa utani ukarudi. "Haya, mwosha vyombo. Umeshinda. Lakini ujue, kazi ya kumtafuta nimefanya mimi, nikiwa nimekaa kwenye kiti nakunywa supu. Hakuna mtu bonde hili aliyewahi kuwinda vizuri namna hiyo."

"Sina ubishi."

"Na paja moja ni langu."

"Paja lako si kipimo cha unene," Luella alisema kutoka nyuma yao. Alikuwa amekuja kwa ajili ya kukamua. Verlyn akacheka, akashika mbavu, akaita jina la Bwana, na wakamrudisha ndani wakimshikilia huku na huku.

Nyama waliigawana. Nyingine Luella aliitengeneza soseji, kwa kuwa dume mzee wa Novemba ni mgumu kama kiatu.

Msimu wa bunduki ulipofunguliwa, wiki ya kuelekea sikukuu ya Siku ya Shukrani mwishoni mwa Novemba, milima ikajaa watu wenye nguo za rangi ya machungwa, na risasi zikalia tangu alfajiri. Orrin hakupanda. Alikuwa zizini. Desemba theluji ilikaa, na Verlyn akaruhusiwa kunyanyua. Asubuhi ya kwanza waliyokutana zizini wote wawili, walikuwa wanapishana kwa adabu, kila mmoja anamwachia mwenzake njia.

"Sasa umepona," Orrin akasema mwishowe, akitundika aproni. "Nitakuachia."

Verlyn alikuwa anamfuta kiwele yule mtamba mwekundu, na mtamba alikuwa anamtazama Orrin juu ya kichwa chake. "Huyu hanitaki tena," Verlyn akasema. "Umemharibu. Anataka nyimbo."

"Mwimbie."

"Mimi? Akisikia sauti yangu maziwa yataganda." Akaendelea kufuta, hakuinua uso. "Nilikuwa nafikiri. Asubuhi zinanishinda tangu niumie. Ukinichukulia asubuhi wewe na shemeji, jioni nitafanya mwenyewe. Nitakulipa kama watu wanavyolipwa."

"Na bega?"

"Shemeji ana mabega mawili, nimeyaona."

Orrin alicheka. Alimtazama Luella, aliyekuwa akimwaga maziwa ya ndama mwisho wa zizi na kujifanya hasikii. Luella akapandisha mabega hayo mawili, ndoo mkononi.

"Mwulize kama Jumapili ana mtu mwingine," alisema.

"Jumapili nitaamka mimi!" Verlyn akaita. "Naapa mbele ya ng'ombe!"

Kulipokucha kesho yake, Orrin alivuka shamba akiwa na mkewe, theluji ikilia chini ya viatu. Kwenye ukingo wa mahindi yaliyoachwa kwa ajili ya mifugo, kundi la kulungu lilikuwa limesimama likila, migongo yao imefunikwa na theluji, katikati yao dume mmoja kijana aliyekonda kwa mihangaiko ya Novemba. Hawakukimbia. Waliinua vichwa, wakawatazama watu wawili wakipita, kisha wakarudia mabua yao. Orrin hakusimama kuwahesabu pembe. Taa ya zizi ilikuwa imewashwa, na mtamba mwekundu alikuwa tayari anaita.